Kufuga Bata Nyumbani: Je, Yahitajiwa Ruhusa ya Serikali?

Katika mitaa ya bara ya Mombasa, tangu Likoni na Mtongwe upande wa kusini, hata Kisauni na Bamburi upande wa kaskazini, na Changamwe na Chaani upande wa magharibi, ziko nyumba nyingi zenye bata wawili watatu waendao uani. Hufugwa kwa ajili ya mayai, au kwa kitoweo cha sikukuu, au wauzwe wakati wa kulipa karo za shule. Wenye bata hao huulizana swali moja kila mara: Je, mtu akifuga bata nyumbani kwake yampasa kuwa na kibali? Wako wasemao ndiyo, na ya kuwa kibali hicho hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lijulikanalo kwa herufi KWS. Wengine husema la, ruhusa hutoka kwa kaunti. Na asiyejua jibu ni mtu wa kutiwa hofu kwa urahisi: akifika mgeni mlangoni asubuhi na kudai fedha za "leseni ya bata", atazitoa, asiulize hata stakabadhi, kwa kuchelea bata wake wasichukuliwe.

Jibu ni hili. Hakuna sheria ya Bunge la Kenya imtakayo mtu awe na kibali kwa sababu tu ya kufuga bata wachache wa nyumbani uani kwake. Lakini mtu asidhani kwa hayo ya kuwa sheria haina neno juu ya bata. Inalo neno, tena zaidi ya moja, ila haliji kwa mlango ambao watu wengi huutazamia.

HABARI YA KWS ILITOKA WAPI

Wanyama na ndege wa porini nchini Kenya wako chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1976. Kwa sheria hii mtu hawezi kumweka ndege wa porini nyumbani kwake bila ya kibali cha KWS, hata kama ndege huyo amekuwa mpole kama kuku na ala mkononi mwa watoto. Ndiyo sababu afugaye mbuni hutakiwa kibali, na afugaye kanga vile vile.

Lakini lililoeneza habari hii zaidi ni mambo ya kware. Katika miaka ya 2013 na 2014 watu wengi wa Kenya walishikwa na tamaa ya kufuga kware, kwa kuwa ilivuma ya kuwa mayai yake yaponya maradhi ya kila namna. Bei ya yai moja ilipanda kupita kiasi, na KWS ikawatangazia wafugaji ya kuwa kware hafugwi bila ya kibali. Watu wakapanga safu kutafuta vibali. Kisha kware wakawa wengi kuliko walaji, bei ikaanguka, na wengi waliokopa fedha wakabaki na matundu matupu na madeni. Kware wakasahauliwa, lakini neno "kibali cha KWS" halikusahauliwa. Likahama kutoka kware kwenda kwa bata, na kutoka kwa bata kwenda kwa bata mzinga, mpaka hata wafugaji wa njiwa wakaanza kuulizana.

Bata wa nyumbani si ndege wa porini. Wale wafugwao kwetu pwani wametoka katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa bata walaji wa tope, weupe au wa rangi ya majani makavu, ambao wahenga wao walifugwa tangu zamani sana huko Asia na Ulaya. Wa pili ni wale wakubwa, wazito, wenye vinundu vyekundu usoni, wasiolia kwa sauti bali hukoroma tu. Asili yao ni Amerika ya Kusini. Koo zote mbili huhesabiwa pamoja na kuku, wala hazihitaji karatasi ya KWS.

Hata hivyo iko hatari moja ambayo mtu aweza kuiingia bila ya kukusudia. Kijana aenda kuvua kando ya kinamasi, aona kiota majanini, achukua mayai sita ya bata mwitu na kuyaleta nyumbani, na mama yake ayaweka chini ya kuku atamiaye. Yakianguliwa, vifaranga vile ni wanyamapori, ingawa mama waliyemjua tangu kutoka yaini ni kuku wa Kisauni. Sheria haitazami ni nani aliyewaatamia. Hali kadhalika bata bukini wa Misri, ambaye huonekana sana kando ya maji ya Kenya na ambaye watu humdhani kuwa bata aliyepotea nyumbani. Aliyempata ndege wa namna hii na atoe habari kwa afisa wa KWS kabla afisa hajaletewa habari na mtu mwingine, kwani adhabu za sheria ya mwaka 2013 si za mchezo.

SWALI LA KULIULIZA MLANGONI

Sasa natuache pori tuingie mjini. Zamani Mombasa ilikuwa na Baraza la Manispaa, nalo lilitunga sheria zake ndogo ndogo kwa nguvu za Sheria ya Serikali za Mitaa. Baraza hilo lilikoma ulipofanywa uchaguzi wa mwezi wa Machi mwaka 2013, na kazi zake zikashikwa na Serikali ya Kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, huzipa kaunti kazi ya ukulima na ufugaji, kuzuia maradhi ya wanyama, huduma za mifugo, na usimamizi wa wanyama pamoja na kutoa leseni za mbwa. Mbwa ametajwa kwa jina lake katika Katiba. Bata hakupewa heshima hiyo.

Je, kaunti yaweza kutunga sheria juu ya ufugaji wa mjini? Yaweza. Kaunti ya Nairobi ilitunga yake mwaka 2015, ya kukuza na kuongoza ukulima wa mjini. Sheria ya Nairobi haivuki Mtito Andei kuja Mombasa, lakini ni mfano wa jambo ambalo Bunge la Kaunti lo lote lina uwezo wa kulifanya. Tena kila mwaka kaunti hupitisha Sheria ya Fedha, ambayo ndani yake huandikwa ada zote zinazotozwa: za soko, za biashara, na nyinginezo.

Hapa ndipo palipo na kinga ya mwananchi, na yafaa kila mwenye bata ayashike vizuri maneno haya. Ibara ya 210 ya Katiba yasema ya kuwa hakuna kodi wala ada ya leseni iwezayo kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Maana yake ni kwamba hata afisa wa kweli, mwenye kitambulisho cha kweli, hawezi kubuni ada akiwa amesimama uani. Kwa hiyo mtu akidaiwa fedha kwa ajili ya bata wake na aulize kwa adabu: Ada hii imeandikwa katika sheria gani, ya mwaka gani? Na stakabadhi yake ni ipi? Afisa mwenye haki hakasirishwi na swali hilo, maana jibu lake analo. Asiye na haki mara nyingi hukumbuka ghafula ya kuwa anaitwa mahali pengine.

Mtu asiyeridhika na aende mwenyewe katika ofisi ya kaunti ndogo yake, ikiwa ni Likoni, Kisauni au Changamwe, na aombe kuonyeshwa ukurasa wenye ada hiyo. Sheria za kaunti si siri. Na bata wasichukuliwe kwa nguvu: Ibara ya 40 ya Katiba huilinda mali ya mtu, na jogoo wa bata ni mali kama ilivyo baiskeli.

BWANA AFYA

Mlango mpana kuliko yote, ambao kwa huo sheria huingia katika banda la bata, ni ule wa afya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilianza kutumika mwaka 1921, na ingawa imerekebishwa mara nyingi yafanya kazi hata leo. Haikatazi kufuga ndege. Isemalo ni kwamba pahali po pote panapowekwa wanyama au ndege, pakiwa pamejengwa au pametunzwa kwa namna iletayo uvundo au kuhatarisha afya, pahali hapo pamekuwa adha kwa watu. Haiulizi bata ni wangapi. Bata watatu katika ua mchafu waweza kumtia mtu hatiani, na bata thelathini katika ua safi wasimletee neno.

Na bata, ukweli usemwe, ni ndege wa kuleta adha kuliko kuku. Kinyesi cha kuku hukauka upesi kikafagiliwa. Cha bata ni cha majimaji, huganda chini na kunuka jua likipanda. Kuku hunywa maji akaenda zake. Bata huyaingia maji, akayapiga kwa mabawa, akayatia tope, kisha akayamwaga nje. Katika nyumba zilizobanana za Likoni au Magongo, ambako ukuta wa mtu ndio ukuta wa jirani yake, maji hayo hayana pa kwenda ila kwenye ujia wa watu. Jirani aamkaye alfajiri kwenda msikitini akiwa na udhu wake, akakanyaga uchafu huo gizani, hatahitaji kusoma Sura ya 242 ili ajue ya kuwa amedhulumiwa.

Iko na habari ya visima. Ardhi ya Likoni na Kisauni ni ya mawe ya matumbawe, yenye matundu matundu, na maji yamwagwayo juu hushuka chini upesi yakiwa hayajachujika. Watu wengi wa sehemu hizo hutegemea visima, kwa kuwa maji ya mfereji hayafiki kila siku. Sheria hiyo hiyo hukihesabu kisima cha maji ya kunywa kilichochafuliwa kuwa ni adha, hata kikiwa ni cha mtu binafsi. Basi banda la bata likijengwa karibu na kisima, mwenye bata amekwisha kujitafutia kesi, na ubaya zaidi amewatafutia watoto wake maradhi ya tumbo.

Jambo la tatu ni mbu. Sheria husema ya kuwa maji yaliyotuama yakawa mazalio ya mbu ni adha. Mombasa yajua gharama ya mbu. Mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa mwaka 2018 mji ulipigwa na chikungunya, maradhi yanayomfanya mtu atembee amejikunja kwa maumivu ya viungo, na homa ya dengue pia imekwisha kuzuka humu. Yote mawili huletwa na mbu mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, ambaye hapendi vinamasi bali hupenda vyombo vya nyumbani: madumu, magurudumu ya zamani, na mabeseni. Kweli bata hula viluwiluwi vya mbu akivipata. Lakini hawezi kuingia katika dumu lililokatwa nusu na kuegeshwa nyuma ya choo, wala katika beseni alilolikataa kwa kuwa maji yake yameoza. Mbu huyu hutaga mayai katika ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji, nayo hugandama pale hata chombo kikikauka. Kwa sababu hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Chombo kisuguliwe ukingoni, walau mara moja kwa juma.

Wako watu wadhanio ya kuwa bata hawezi kuishi bila ya ziwa, wakachimba shimo uani na kulijaza maji. Si hivyo. Bata wa nyumbani huishi vizuri akiwa na chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha kichwa chote, ili asafishe macho na pua. Chombo kikiwekwa juu ya changarawe au kokoto, maji yamwagikayo hayatakuwa tope, na yale machafu yamwagiwe migomba au mipapai, ambayo huyashukuru. Maji Mombasa hununuliwa kwa dumu. Asiyeweza kubadilisha chombo kimoja kila siku hawezi kutunza ziwa.

Je, Bwana Afya akiona adha, aweza kuwachukua bata? Sivyo sheria ilivyoagiza. Kwanza hutolewa notisi kwa maandishi, ikitaja adha ni ipi na mwenye nyumba aiondoe kwa muda gani. Akiiondoa, mambo yamekwisha. Asipoiondoa, hushitakiwa mbele ya hakimu, na hakimu ndiye mwenye kuamuru. Watu wa Kisauni wana mahakama karibu nao, Shanzu. Mtu aliyepewa notisi asiitupe wala asiifiche chini ya godoro. Aisome, au asomewe, na kama haelewi sababu yake aziombe sababu hizo kwa maandishi: haki ya kupewa sababu imo katika Ibara ya 47 ya Katiba na katika Sheria ya mwaka 2015 juu ya utendaji wa haki wa maafisa. Kwa kawaida kufagia, kuhamisha banda na kutandaza kokoto humaliza shauri ambalo mabishano yangelifikisha kortini.

Mpangaji ana sheria yake ya zaidi, nayo si ya Serikali. Hati ya kupanga ikikataza wanyama, hakuna afisa atakayeweza kumtetea.

MARADHI

Bata huwadanganya wenye nyumba kwa afya yake. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, waweza kufagia kuku wote wa mtaa katika juma moja, na bata akabaki akitembea kama aliyekuwa safarini. Kumbe aweza kuwa amebeba maradhi yale yale bila ya kuugua, akayapeleka kwa kuku wa jirani. Kwa hiyo si uungwana kuwalaza bata na kuku katika tundu moja, na kuku wa nyumba yenye bata na wapigwe chanjo kwa wakati wake.

Homa ya mafua ya ndege ni kubwa zaidi. Mwezi wa Januari mwaka 2017 ndege wa porini walionekana wamekufa kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na baada yake kuku na bata wa nyumbani. Kenya ikafunga mpaka wake mara moja kwa kuku na mayai ya kutoka huko. Wafanya biashara waliokuwa wamelipia mizigo walilalamika, lakini Serikali ilikuwa na uwezo huo kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, ya mwaka 1965. Sheria hiyo humpa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo mamlaka ya kuzuia ndege wasihamishwe kutoka sehemu yenye maradhi. Nayo humwekea mwenye ndege wajibu wake: akishuku maradhi ya kutolewa habari, awatenge ndege wake na ampashe habari afisa wa mifugo bila ya kukawia. Anayeona bata wake wanakufa kwa pamoja, akawachinja waliosalia haraka na kuwauza sokoni kabla hawajafa, hakuokoa mali. Amevunja sheria na kuyapeleka maradhi katika majiko ya watu.

BATA AKITOKA NYUMBANI

Mambo hubadilika bata wakiwa biashara. Achinjaye bata wake kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake hahitaji ruhusa ya mtu. Lakini atakaye kuuza nyama kwa hoteli za Bamburi au Shanzu ataulizwa nyama hiyo ilikaguliwa na nani, kwani nyama ya kuuzwa iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, na bata amehesabiwa humo pamoja na ndege wengine wafugwao. Aanzishaye nyumba ya kuangulia vifaranga kwa mashine, apate kuviuza, yampasa kuwa na leseni ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Na auzaye sokoni hulipa ushuru wa soko, na kupewa stakabadhi yake.

Likoni iko katika njia ya Lunga Lunga, na watu wengi wana jamaa zao Tanga au Unguja. Shangazi akimpa mtu bata wawili wa zawadi, zawadi hiyo ikivuka mpaka ni uingizaji wa mifugo, nao hutaka kibali cha Mkurugenzi kilichoombwa kabla ya safari. Hapa basi ndipo kibali cha bata kipo kweli, na ndipo watu wachache sana wanapokikumbuka.

Mwisho ni namna ya kuwachukua. Si jambo geni kivukoni Likoni kumwona mtu amewafunga bata miguu kwa kamba na kuwaning'iniza vichwa chini, tangu anapoteremka katika matatu mpaka feri ifikapo ng'ambo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama huwalinda ndege pia, na kumchukua mnyama kwa namna ya kumtesa bila ya sababu ni kosa ambalo mtu aweza kushitakiwa kwalo. Bata ni mzito kuliko kuku, na miguu yake ni dhaifu. Akining'inizwa mwendo wote huo mara nyingi hufika amevunjika paja, na mnunuzi hukata bei. Pakacha la makuti lenye nyasi kidogo chini hutosha bata wawili, nalo lasukwa nyumbani.